Somo na Bati la Barua

Harufu ya singo ikinifikia popote, hata kwenye leso ya mama aliyenipita sokoni, mate hunijaa kinywani kama mtu anayekaribia kutapika. Najua wengi huipenda. Karafuu, liwa, mawaridi na marashi inayosagiwa ni vitu vizuri, kila kimoja peke yake. Lakini mimi niliinusa ikiwa imekaa siku saba juu ya ngozi ya dada yangu, katika chumba kilichofungwa madirisha, mwezi wa joto kali la Malindi, na tangu hapo haijawa manukato tena.

Mwanamke aliyeisaga singo ile tulimwita Somo. Alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia. Kazi yake ilikuwa kuwatia wari ndani. Msichana akishaposwa na siku ya nikaha ikikaribia, Somo huja na vikopo vyake, humfungia chumbani siku saba, humsugua, humfunda, na huhakikisha kwamba yeye na mchumba wake hawaonani, hawasemezani, wala hakuna anayesikia sauti ya mwenzake mpaka siku ya kupa mkono, bwana anapoingia kwa mkewe. Aliitwa Mambrui, aliitwa Takaungu. Mara moja aliitwa mpaka Mariakani, akarudi akilalamika kwamba kule malori hupiga honi saa zote na mwari hawezi kuiva.

Kuiva lilikuwa neno lake. Nilimuuliza siku ya kwanza aliyokuja kwetu kumtia ndani dada yangu Rukia. Nilikuwa nimerudi likizo, mwaka wa pili wa chuo kikuu, na nilikuwa na swali juu ya kila kitu.

"Somo, kwa nini bwana harusi hafungiwi?"

"Yeye ana nini cha kuiva?" akasema bila kuinua macho kwenye kinu. "Ndizi huvundikwa. Umeona mtu akivundika mnazi?"

"Kwa hiyo dada yangu ni ndizi?"

"Dada yako ni mwari. Wewe ndiye sijui ni nini. Nipe kijiko hicho."

Nikampa. Wote tulimpa alichotaka. Alikuwa mfupi, mpana wa viganja, kucha za vidole gumba zimekolea hina isiyotoka. Ndani ya nyumba ya watu alitembea peku kama yuko kwake. Alitafuna tambuu tangu asubuhi, akatema katika kopo la maziwa ambalo alikwenda nalo kila alikokwenda, na alipokuwa akimfunda mwari mambo ya mume na unyumba alisimama katikati ya sentensi, akatema, akaendelea palepale. Sikuwahi kuelewa watu walivyoweza kumsikiliza mtu yule akizungumzia usafi.

Sheria zake zilikuwa nyingi na hakuna aliyejua zilikotoka. Mwari hali samaki. Mwari haketi kwenye kiti. Mwari hacheki kwa sauti. Simu ya mwari hufungwa katika leso na kutiwa ndani ya sanduku la Somo, na ufunguo hutiwa kifuani mwa Somo. Hata baba mwenyewe haingii. Nilimwona baba yetu, mwanamume aliyezoea kuamrisha mafundi, amesimama nje ya mlango wa binti yake ameshika kofia mkononi. "Hujambo, mwanangu?" akauliza mbao za mlango. Ndani akajibu Somo: "Hajambo, baba. Nenda kazini."

Nilikuwa naingia kwa kuwa ni mdogo wake na ni mwanamke, na kila nilipoingia nilipekuliwa. Nasema nilipekuliwa. Alipapasa mikono ya buibui langu, akafungua mkoba wangu, mara moja akafungua hata kitabu changu, asije mtu akapitisha neno.

Lililonichukiza kuliko yote lilikuwa kisahani. Singo ikishakauka mwilini, husuguliwa kwa kiganja mpaka itoke pamoja na nongo, vijiti vyeusi vidogo kama mavi ya panya. Nilidhani hutupwa. Somo alizikusanya zote katika kisahani cha kahawa, akakibeba mpaka jikoni kwa mama.

"Tazama, mamangu. Yote haya alikuwa nayo."

Mama akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Dada yangu alikuwa mwalimu wa chekechea, alioga mara mbili kwa siku tangu utoto wake, na mama yake mzazi alikuwa amesimama akisikitikia uchafu wake kwenye kisahani tulichonywea kahawa siku ya Idi. Kisha Somo akatoka uani, akachimba kwa kidole, akazifukia chini ya mkomamanga ili asije mwenye husuda akazichukua. Kisahani akakisuuza, akakirudisha kabatini. Nimekitafuta baadaye nikivunje, sikukitambua kati ya wenzake.

Sasa niseme na mengine, kwa kuwa nisipoyasema nitakuwa mwongo kama yeye.

Kuna msichana mmoja wa mtaa wetu ambaye mama yake ni Mgiriama, na alipotiwa ndani nyanya yake alikuja kutoka Adu kumwona. Hawe, kama walivyomwita kwao, alikuwa ameamka alfajiri, amebeba korosho alizozikaanga mwenyewe. Somo akamzuia mlangoni. Alisema mwari hatembelewi siku ya tano. Bibi wa watu akaketi barazani, hakulalamika, akaweka korosho mapajani akangoja. Mimi nilipita pale saa nne nikamkuta, nikapita adhuhuri nikamkuta. Nilikwenda kumtukana Somo, Wallahi nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni barazani, miguu ya hawe imo mapajani mwake, anamkanda magoti kwa mafuta ya ufuta na kumwuliza habari za mihogo ya Adu. Walikuwa wanacheka. Korosho zimeliwa nusu. Mlango ulibaki umefungwa, na hawe akarudi kwao bila kumwona mjukuu wake, akimwombea Somo dua.

Na yeye mwenyewe je? Siku moja nilimuuliza nani aliyemtia ndani alipoolewa. Nilidhani nimemkamata.

"Mume wa kwanza, shangazi yangu alinitia. Siku saba. Hakudumu mwaka yule bwana."

"Na wa pili?"

Akacheka mpaka tambuu ikamtoka. "Wa pili nilitoroka naye, mwanangu! Tulikwenda Kilifi kwa kadhi, mimi nimevaa buibui la kuazima, limenipita mpaka vidoleni. Asubuhi tumetoroka, jioni mke na mume."

"Na ikawaje?"

"Nilimpenda mpaka siku aliyokufa." Akafuta mdomo kwa leso. "Usiwaambie wari wangu."

Basi alijua. Ndilo ninalotaka lieleweke. Hakuwa mtu aliyedanganyika na mila yake. Alijua kwamba watu wawili wanaweza kuonana asubuhi, wakaoana jioni, wakapendana, na akaendelea kufunga madirisha ya watu.

Katika sanduku lake, chini ya simu za wari, kulikuwa na bati la biskuti la duara, picha ya maua juu yake imeparuzika. Mabwana harusi hawavumilii. Siku ya tatu au ya nne huanza kuleta vikaratasi, kwa dada, kwa binamu, kwa muuza mahamri. Masomo wengine, wafundaji wenzake, huvichana. Somo alivihifadhi ndani ya bati, havifungui, na siku ya saba ya fungate, maharusi wanapotoka, huwaletea vyote kwenye sinia pamoja na udi na halua. Ilikuwa zawadi yake. Watu wa mtaa waliisubiri siku hiyo. Bibi harusi husoma kwa sauti yale aliyoandikiwa na mtu aliyekuwa amekonda kwa kumngoja, bwana huficha uso, wanawake hupiga vigelegele. Hata mimi nilisema, hili la barua ni zuri.

Siku ya nne ya Rukia, shemeji, mchumba wake, alitoka Kilifi akanisubiri nje ya duka la vitambaa. Hakuwa amelala, nilimwona machoni. Alinipa bahasha imefungwa kwa gundi ya karatasi pande zote.

"Mpe dadako. Mkononi mwake, si kwa mwingine."

"Ni nini?"

"Mambo ya hospitali. Anijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali."

Nikaichukua. Mlangoni Somo akanyoosha kiganja kabla sijavua viatu.

"Leta."

"Hii ni ya muhimu, Somo. Kasema nimpe mwenyewe."

"Zote huwa za muhimu, mwanangu." Akaishika mbele ya mwanga, akaikunja midomo kama mtu anayesoma. "Maneno mazuri. Yatakaa."

Mimi niliyembishia mhadhiri mbele ya darasa zima. Mimi niliyemwambia baba kwamba mila bila sababu ni ujinga uliovaa kanzu. Niliiachilia. Nilijiambia siku tatu si kitu.

Jioni ileile, kabla ya Magharibi, simu ya Somo ililia. Alikuwa anasaga, akaiweka begani na kuibana kwa shavu. Nilijua sauti iliyokuwa ikitoka humo, ya shemeji.

"Ameipata, baba," akasema Somo. "Ndiyo. Amesema anakungoja kwa moyo mkunjufu. Njoo tu." Akakata.

"Somo! Hujampa."

"Wote husema hivyo."

"Nani?"

"Wari wote. Ungemuuliza angesema nini? Kwamba hakungoji?"

Nikacheka. Alilisema vizuri, na uso wake ulikuwa wa kuchekesha, nami nikacheka. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalisema mbele ya dada yangu.

Ijumaa walioana. Shemeji alipokuja kupa mkono alinipita ukumbini akanong'ona, "Alhamdulillahi, nilikuwa na hofu." Sikumuuliza hofu ya nini. Nilikuwa na maua mabichi ya piko mikononi na nilikuwa naangalia yasiharibike.

Siku ya saba ya fungate sinia likaja. Nilikuwepo, nimebeba mahamri. Rukia amekaa kitandani amependeza, mumewe kando yake, wanawake wamejaa mpaka ukumbini, na Somo kasimama mlangoni amefunga mikono kifuani, anatabasamu, anangoja kicheko chake. Kulikuwa na barua mbili za mapenzi. Zikasomwa, vigelegele vikapigwa. Kisha Rukia akafungua bahasha ile. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, akaendelea kimya mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Hii ulinipa lini?" akamuuliza mumewe.

"Wiki ya harusi. Si ulinijibu?"

"Nilikujibu mimi?"

Nimeiona barua hiyo mara nyingi tangu hapo. Aliandika kwamba kaka yake mkubwa hakufa kwa malaria kama watu walivyoambiwa. Alikufa kwa sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hupinda kama mundu. Kwamba yeye mwenyewe amepimwa wiki ile, si mgonjwa, lakini anaubeba. Na kwamba mtu anayeubeba akizaa na mwenzake anayeubeba, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kutoa mtoto mgonjwa. "Nenda ukapimwe kabla ya Ijumaa. Ukikutwa nao, tukae tuamue pamoja, nami sitakulaumu. Ukikutwa huna, niambie nije. Ukisema nije, nitajua tuko salama."

Na aliambiwa aje. Njoo tu.

Rukia alipimwa wiki iliyofuata, akakutwa anaubeba. Hawakuwa na haja ya kuamua kitu, kwa sababu baada ya wiki mbili nyingine alikutwa na mimba. Hilo nalo ni kazi ya mikono ya Somo. Yeye ndiye huhesabu siku za mwari na kuwapangia wazee tarehe, harusi isije ikaangukia hedhi, na alijisifu mbele ya kila mama: "Wari wangu hawakai bila mimba." Kweli hakukaa.

Munira, mtoto wao, ana miaka sita sasa. Ni mwerevu, ana maneno mengi kama mimi, na macho yake ni ya njano. Maumivu yakimshika mifupa hupiga yowe ambalo ukilisikia mara moja utalisikia hata usingizini. Tumeshalala naye hospitalini mara nyingi, mama yake akimshika miguu na baba yake akitembea nje kwenye ujia, anamngoja daktari kama alivyokuwa akilingoja jibu.

Nilimsubiri Somo aombe msamaha. Sikutaka alie, sikutaka ajigaragaze. Nilitaka neno moja, nimekosa. Mama alimwita nyumbani baada ya vipimo vya mtoto, akamweleza yote, taratibu, kwa adabu. Somo alisikiliza mpaka mwisho. Kahawa yake ikapoa.

"Mimi ni mtu wa singo," akasema. "Si mtu wa hospitali. Ningejuaje? Kama ilikuwa ya ugonjwa angeandika juu yake."

"Ungesoma?" nikamuuliza.

"Wee!" mama akanikemea.

Lakini shaka ilikuwa imeniingia, nami nilikuwa nimeshainuka. Nilichukua gazeti la baba mezani, nikaliweka mapajani mwa Somo. "Soma, Somo. Hapa. Mstari wowote."

Msahafu alikuwa anausoma vizuri, kwa sauti ya kupendeza. Herufi hizi nyingine hakuzijua hata moja, na miaka yote hiyo ya kushika barua za watu mbele ya mwanga hakuna aliyegundua kabla ya siku hiyo. Aliliangalia gazeti. Alilikunja mara nne, vizuri, akaliweka mezani, akajitanda leso yake, akatoka. Mama alinikasirikia siku mbili. Alisema nimemvua nguo mtu mzima. Nami nilijibu kwamba yeye amewavua nguo wasichana wa mji mzima na akaonyesha uchafu wao kwenye kisahani. Nilidhani nimejibu vizuri.

Tangu siku hiyo hakulitaja jambo lile tena. Alifanya baya zaidi. Alikuja. Akisikia Munira kashikwa, huja na chupa yake ya mafuta ya ufuta aliyoyapasha moto, haulizwi, haombi ruhusa, hukaa sakafuni na kumkanda miguu mpaka mtoto asinzie. Dawa ni ya hospitali, sote tunajua, lakini Munira hulala akiwa mapajani mwake. Humwita Bibi Somo. Mimi hutoka nje. Siwezi kuviona vidole vile vyenye hina kwenye ngozi ya mtoto yule, na siwezi kumwambia dada yangu amfukuze, kwa kuwa mtoto atalia.

Mwaka huu ikawa zamu ya Zuhura, binti wa mama mdogo, aliyeposwa na kijana wa Sabaki. Nafanya kazi Kilifi siku hizi. Mama mdogo alinipigia simu Jumatano asubuhi: njoo, Somo amegoma. Kaja, kaketi, hataki kuanza. Nilipanda gari na furaha yangu yote. Nilijiambia, akigoma ni vizuri, na asipogoma leo nitamgomesha mimi.

Nilimkuta kwenye kizingiti cha chumba, kanyoosha miguu, vikopo vyake vimefungwa pembeni. Amezeeka. Kidevu kinamtetemeka kidogo.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba."

Zuhura alikuwa kasimama katikati ya chumba, uso umemvimba kwa hasira. "Ati anataka karatasi ya hospitali, dada! Yangu na ya mwenzangu, ya damu. Mama mkwe wangu amepelekewa habari, amesema tumemtukana, mwanawe si mgonjwa. Anasema atatutafutia somo mwingine, tumwache huyu na uzee wake."

"Karatasi mbili," akasema Somo, akihesabu kwa vidole. "Ya mwari na ya bwana. Bila hizo simtii ndani mtu."

"Tangu lini?" Zuhura akapaza sauti.

"Tangu zamani. Ndivyo tulivyokuta."

"Ulivyokuta wapi? Dada Rukia alitoa karatasi?"

Miaka sita nilikuwa nikiingoja dakika ile, na ilikuwa imekuja yenyewe, imeulizwa na binti asiyejua kitu. Somo hakunitazama. Aliutazama ukucha wake wa gumba, akausugua, akausugua tena. Sema, nikamwambia moyoni. Lolote. Sema sasa.

"Ndivyo tulivyokuta," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Alikuwa amemfuta Munira. Mtoto aliyemkanda kwa mikono yake alikuwa amegeuzwa sheria ya mababu, haina tarehe, haina mwenye kosa. Nilifungua mdomo niseme yote: bati, bahasha, njoo tu, gazeti. Zuhura akawahi kunishika mkono.

"Dada, wewe umesoma. Niambie wewe. Hii ni mila kweli, au ni mambo yake tu?"

Nikamtazama. Nilijua watakavyofanya nikisema ni mambo yake. Watasema mwanamke mzee alikosea mara moja na sasa anawatwisha watu hofu yake. Mama mkwe ataleta somo mwingine kesho, madirisha yatafungwa, simu zitatiwa sandukuni, na Ijumaa ya wiki ijayo wataoana. Lakini mila hawaibishii. Kwetu msichana atafunguliwa mwili wake wote na kukwanguliwa, baba atasimama nje na kofia mkononi, na hakuna atakayeuliza, mradi ndivyo walivyokuta.

"Ni mila," nikasema. "Ndivyo tulivyokuta."

Zuhura alinikazia macho, kisha akashusha pumzi, akachukua buibui lake msumarini. "Haya. Basi na wao watatoa yao. Kama ni mila, ni mila kwa wote."

"Na atakayezisoma ni huyu," akasema Somo, akinionyesha kwa kidevu. "Si mimi. Huyu."

Zuhura akatoka na mama yake. Tukabaki wawili. Somo alikivuta kinu karibu, akamimina karafuu, akazinyunyizia marashi ili ziwe tayari watakaporudi. Ile harufu ikapanda ikajaa chumba kizima. Nilitaka kuondoka, nikabaki.

"Nipe kijiko hicho," akasema.

Nikampa.